Nusu ya Kashata ya Mzee Damji

Asubuhi ya majibu, wodi ya wazee pale Tanga ilikuwa na makelele kushinda ukumbi wa harusi. Wazee arobaini, kila mmoja na saratani ya tezi dume iliyokwisha kutambaa mpaka mifupani, walikuwa wamenyoa ndevu na kujipulizia marashi. Wawili walivaa na koti. Ungedhani mashine ya kusoma majibu inakuja kuwaposa.

Sista Semeni Kilua alipita katikati ya vitanda na moyo unamdunda kama wa mwari. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, amefanya kazi ya uuguzi tangu msichana, na hajawahi kuona wagonjwa wanaotakiwa kufa wakiamka wanagombania kioo. Siku tisini amewalisha dawa kwa mkono wake. Leo ndiyo siku ya kujua amelisha nini.

Dawa yenyewe iliitwa Zuio. Ilipojaribiwa Ulaya, miaka kumi na mitano nyuma, ilishindwa vibaya ikafungiwa kabatini. Wataalamu wa Penang, huko Asia, wakaitoa, wakawapa wagonjwa wa Asia, na katika kila wagonjwa kumi, wanane uvimbe ulinywea kama puto lililotobolewa. Kwa nini iwafae wao na si wengine, hakuna aliyejua kwa uhakika. Walisema ni namna ini lao linavyoivunja dawa polepole, ikakaa mwilini ikifanya kazi. Basi Penang wakatangaza: tafuteni watu wenye asili ya Asia popote walipo duniani, tuone kama mwili bado unakumbuka baada ya vizazi vitano vya kula ugali na dagaa. Tanga walipatikana arobaini. Wengi Wahindi, wachache Wabulushi, na wajukuu wanne wa Wachina waliojenga reli ya sumaku.

Mwenye asili nyingine alibaki na sindano za zamani, kwenye wodi ya jirani, ng'ambo ya ukuta.

Kwa kuwa wazee waligoma kuchomwa, jiko la hospitali liliifinyanga dawa pamoja na nazi na sukari ikawa kashata. Kashata moja kila asubuhi, iliwe mbele ya shahidi, kisha shahidi abonyeze kidole gumba ukutani kuthibitisha kwamba ameona. Shahidi alikuwa Semeni. Ukutani alikuwako Karani, mashine iliyohesabu damu zao na kuamua dozi zao, yenye sauti ya mtu mpole ambaye hajawahi kusimuliwa kichekesho.

"Nasoma majibu," alisema Karani saa tatu kamili.

Wodi ikanyamaza. Hata Mzee Shahdad wa kitanda cha tisa, Mbulushi aliyekuwa na vidonda mdomoni kutwa kuchwa, aliacha kukohoa.

Karani alianza kitanda cha kwanza. Saratani imepungua. Cha pili, imepungua. Lakini kila alipotaja askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, hesabu ilikuwa ndogo. Zuio liliua saratani, na katika kuua liliua na askari. Huyu elfu moja na mia moja, yule elfu moja na mia tatu, wakati mtu mzima anatakiwa awe nao elfu nne na zaidi.

"Kitanda cha tatu. Damji Meghji. Chembe za saratani, hakuna. Mifupa inajijenga. Askari wa damu, elfu sita."

Wodi ililipuka. Fimbo ziligongwa sakafuni, mtu akapiga mbinja ya uwanjani, na Mzee Damji mwenyewe, muuza vitambaa mstaafu, alikaa kitandani mdomo wazi kama aliyeambiwa ana mimba.

Sura ya Daktari Nordin, msimamizi wa jaribio, ilijitokeza ukutani kutoka Penang. Alikuwa mtu wa makamo, amejifunza Kiswahili kwa ajili yao, na alikitamka kama anayevaa nguo mpya. "Wazee wangu, hongereni. Matokeo ya Mzee Damji hatujayaona popote. Hata hapa kwetu."

Karani akaendelea. "Uamuzi. Damji Meghji amekula dozi kamili siku tisini, amepona na damu yake ni salama. Kwa hiyo mwili unahimili zaidi, na askari wa wengine watarudi saratani yao ikiisha kama yake. Kuanzia saa sita mchana leo, dozi ya wote itaongezwa nusu nyingine."

Wakashangilia tena. Kitanda cha tisa, Mzee Shahdad alipiga makofi kwa vidole viwili. Askari wake walikuwa mia tisa.

*

Semeni alikwenda kumpongeza Damji. Pembeni ya kitanda alikuwa amekaa mgeni wa kila asubuhi, Mzee Mhina Sekiete, Mzigua wa Korogwe, mgonjwa wa wodi ya jirani mwenye ugonjwa ule ule. Hawa wawili walikuwa watani. Babu wa babu yake Damji alifungua duka Korogwe, Wazigua wakamtania, akawatania, utani ukarithiwa kama shamba. Na mtani, kama ujuavyo, akikuta chako anachukua, nawe ukinuna umeaibika.

"Shikamoo Mzee Mhina. Shikamoo Mzee Damji. Hongera, baba yangu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mhina. "Usimpongeze sana. Huyu saratani imemkimbia kwa ubahili. Imekaa miaka miwili haijakaribishwa hata chai."

"Msikilize," alisema Damji. "Yeye yake imekaa kwa sababu imepata mtu wa kupiga naye soga."

Semeni alicheka mpaka akafuta machozi. Na kwa ile furaha, kwa mara ya kwanza katika siku tisini, alisahau adabu yake, akawatazama moja kwa moja wakila. Aliona vidole vya Mhina vimeshika nusu ya kashata. Aliona nusu hiyo ikiingia kinywani.

"Mzee Mhina, unakula nini?"

"Kashata."

"Ya nani?"

"Ya mtani wangu. Ulitaka nile ya nani?"

Semeni alivuta kiti akakaa. "Tangu lini?"

Wazee walitazamana. "Siku ya kwanza," alisema Damji. "Anakuja, anaimega kati, anasema anakusanya kodi ya babu yake. Ningefanyaje? Nimnyime mtani?"

"Mbele yangu?"

"Mbele yako kabisa," alisema Mhina. "Ila wewe ulikuwa unatazama dirishani."

Ni kweli. Semeni alilelewa na bibi yake Pongwe, na bibi huyo alikuwa mkali wa jambo moja: mtu mzima akila, usimtumbulie macho mdomoni. Kwa hiyo kila asubuhi Semeni aligawa kashata, akageuka dirishani kwa heshima, akasubiri mlio wa kutafuna uishe, kisha akabonyeza kidole. Wagonjwa arobaini, siku tisini. Kidole chake kimesema "nimeona" mara elfu tatu na mia sita, na hakijaona hata mara moja.

Hapo hesabu ilianza kujipanga kichwani mwake, ikampa baridi na joto kwa pamoja. Damji hakula dozi kamili. Damji alikula nusu. Ndiyo maana askari wake ni elfu sita. Nusu imetosha kumponya, na nusu nyingine ingemmaliza kama inavyowamaliza wenzake.

Kisha akamgeukia Mhina. Mtu huyu alikuja hospitali amejipinda kama ndoano, sindano zimemkataa, daktari wake ameshampa mkewe pole ya mapema. Sasa amenona mashavu.

"Mzee Mhina, ile nyonga?"

"Nyonga gani?" Akainua mguu, akaupiga kiti teke. Kiti kikaenda.

"Mungu wangu," alisema Semeni taratibu. "Inafanya kazi na kwako."

"Mimi sijui mambo ya kazi. Najua leo nimepanda ngazi naimba." Kisha uso wake ukabadilika, kwa kuwa hakuwa mjinga hata kidogo. "Mwanangu, mbona unaangalia ukutani kwa Karani?"

"Saa sita wanaongeza dozi. Wanadhani Mzee Damji amekula nzima."

"Basi mimi nitaikataa hiyo nyongeza," alisema Damji haraka. "Yaishe."

"Wewe ni mmoja. Hao thelathini na tisa?"

Wote watatu walitazama kitanda cha tisa. Mzee Shahdad alikuwa anajaribu kunywa maji kwa mrija, na kila tone lilimfanya afumbe macho.

"Ukisema," alisema Mhina, na sasa hakuna utani sautini, "mimi nanyang'anywa. Simo kwenye orodha."

"Najua."

"Nina miaka sabini na mbili. Miezi mitatu nyuma nilishamwambia mke wangu ng'ombe yupi achinjwe. Sasa unaniambia habari ya haki wakati nimeanza tu kusimama."

"Sijasema neno, baba."

"Umeshasema. Una uso wa mtu aliyeshasema."

Saa ya ukutani ilikuwa tano na robo. Semeni alikaa pale mpaka tano na nusu, mikono mapajani. Hakuna aliyemharakisha. Aliwaza kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Shahdad atakufa kwa homa yoyote ndogo, wataandika homa. Aliwaza pia kwamba mtu wa kwanza duniani asiye na asili ya Asia kuponywa na dawa hii amekaa mbele yake ana makombo ya nazi kwenye ndevu, na yeye ndiye atakayemfukuza.

Mhina ndiye aliyesimama kwanza. "Haya. Twende wote. Usije ukanisingizia huko kwamba nilikula na sahani."

*

Semeni alisema yote mbele ya ukuta, wodi nzima inasikia. Hakujipunguzia chochote. Alipofika kwenye dirisha na bibi wa Pongwe, Daktari Nordin alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Shahidi Semeni Kilua," alisema Karani, "amethibitisha mara tisini jambo asiloliona."

"Elfu tatu na mia sita," alisema Semeni. "Na hao wengine sikuwatazama."

"Damu ya wengine inaonyesha dozi kamili. Damu ya Damji Meghji ilionyesha dawa kidogo. Nilidhani ni ini lake."

"Ini langu halina hatia," alisema Damji. "Mwizi ni huyu."

Mhina alinyoosha mkono ukutani, kijisindano cha Karani kikamdona. Sekunde kumi na mbili. 

"Zuio limo," alisema Karani. "Nusu dozi, muda mrefu. Saratani imepungua kwa sehemu tisa katika kumi. Askari wa damu, elfu tano na mia nne."

Daktari Nordin alikuwa ameshasimama. Alikuwa anaongea lugha ya kwao na watu wasioonekana, mikono inaruka, kisha akakumbuka Kiswahili. "Nusu? Sista, unajua tumezika watu wangapi hapa kwetu ambao saratani iliondoka na damu ikawaua? Tuliambiwa watu wetu wanaitikia dawa vizuri, tukawapa nyingi. Wanaitikia vizuri, kwa hiyo walihitaji kidogo. Kidogo tu." Alikaa, akasimama tena. "Karani, futa nyongeza. Nusu kwa wote. Hapo Tanga, hapa Penang, Madras, kila mahali."

"Nyongeza imefutwa," alisema Karani. "Nusu kwa wote. Semeni Kilua haruhusiwi tena kuwa shahidi. Mhina Sekiete si wa nasaba inayohusika. Hayumo. Asipewe dawa."

Ile furaha ilikatika. Mhina alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa anaijua.

"Daktari," alisema Semeni, "bila huyu mzee msingejua."

"Najua."

"Basi mwambie Karani."

"Hanisikilizi katika hilo. Dawa ina kibali kwa waliomo tu." Nordin alifikiri, akajikuna kidevu, na polepole macho yakaanza kuwaka. "Baraza la kibali linakaa leo mpaka saa kumi na mbili za jioni kwenu. Likivunjika, kukaa tena ni baada ya siku tisini. Lakini kuna kifungu. Wakipatikana wagonjwa kumi na wawili wa asili nyingine, wamepimwa, wamekubali kwa hiari, Karani anaweza kufungua orodha mpya siku hiyo hiyo. Waliokiandika hawakutegemea mtu akitumie."

"Wodi ya jirani wako wangapi?" aliuliza Damji.

"Watatu," alisema Semeni. "Pamoja na Mzee Mhina."

Kila mtu alijua kwa nini watatu tu. Wanaume wa pande hizo wangekubali kupimwa jicho, sikio na jino, lakini ukitaja tezi dume mtu anakumbuka ana mbuzi wa kufunga. Serikali ilishawapelekea magari ya kupimia mpaka mlangoni. Magari yalirudi yamepima madereva.

 Mhina akaanza kutabasamu, tabasamu baya, la mtu anayefaa kuchungwa.

"Mtani," alimwambia Damji, "chukua simu. Utangaze nimekufa."

"Nani afe?"

"Mimi. Msiba wangu nani anautangaza kama si mtani wangu? Sema maiti iko hospitali Tanga, watani wote waje kabla ya saa tisa. Mwanamume atakwepa kupimwa, lakini msiba wa mtani haukwepi. Asipokuja kuniigiza na kunichezea maiti, kwao watamcheka mpaka wajukuu."

"Ni uongo huo," alisema Semeni.

"Ni uongo. Wakifika utawaambia ukweli wote, asiyetaka arudi zake. Unawadanganya kwenye safari, huwadanganyi kwenye sindano."

Semeni alimtazama Nordin. Nordin alikuwa ghafla anachunguza kalamu yake kwa makini sana.

"Umpigie mkeo kwanza," alisema Semeni. "La sivyo sishiriki."

Mhina alimpigia. Mkewe alicheka mpaka akaomba akae chini. Kisha Damji akashika simu, akajikohoza, akatangaza msiba kwa kilio kibaya hivi kwamba wodi nzima ilibidi ijifunike mito.

*

Treni ya sumaku kutoka Korogwe ni dakika kumi na nane. Kufika saa nane ua wa hospitali ulikuwa umejaa. Wasambaa, Wabondei, Wadigo, wote watani wa Wazigua, wazee wa kila umbo, wamevaa magunia, wamepaka majivu, mmoja amevaa gauni la mkewe. Wa kwanza kuingia alikuwa anaigiza Mhina anavyochechemea, fimbo mkononi, analia kwa sauti ya kike: "Nani sasa atanikopa asilipe?"

Akafika mlangoni. Mhina alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu juu ya mguu.

Yule mzee alisimama. Akamtazama miguu. "Kumbe unatembea."

"Natembea. Ingia, uketi."

Semeni alisimama juu ya benchi akawaeleza. Hakupamba. Aliwaambia dawa ilitengenezwa kwa wengine, imemfaa mtu mmoja tu wa huku, inaweza isiwafae wao, inapunguza askari wa damu, na asiyetaka hadaiwi kitu.  Wazee wakaanza kutazama viatu.

"Ndiyo hivyo," alisema Mhina. "Mmekuja kunizika hamna aibu. Kidole kudonwa ndiyo mnaona aibu. Wewe, Kigoda, unakwenda msalani mara sita kwa usiku, mkeo kamwambia mke wangu. Wadigo wataanza au wanaogopa?"

"Nani anaogopa?" alisema Mdigo mmoja, akakunja shati.

Basi wakapanga foleni wakisukumana, kila kabila likitaka lisionekane la mwisho. Semeni, aliyekatazwa kushuhudia lakini hakukatazwa kutoa damu, alidona vidole mpaka mkono ukafa ganzi. Safari hii alimtazama kila mmoja usoni. Wazee mia mbili na zaidi. Karani alikuwa anasoma: salama, salama, salama, uvimbe mdogo aje wiki ijayo, salama. Kisha: "Imesambaa. Anahusika." Nne.

Wodi ya Damji ilihamia ukumbini yote, wameketi kama kwenye mpira. Tano. Sita. Kila nambari walishangilia, na Semeni akashangilia nao, mpaka ya saba, Kigoda mwenyewe, alipogeuka akiwa na uso uliokauka akauliza, "Mnashangilia mimi?"

Baada ya hapo hakuna aliyeshangilia. Nambari iliposomwa mtu alisogezwa kiti, akashikwa bega, akapewa chai. Kila jina lililomwokoa Mhina lilikuwa la mwanamume aliyeamka asubuhi akidhani ni mzima. Semeni aliomba ziongezeke, kisha akaona haya kwa alichoomba, kisha saa ikagonga kumi na moja akaomba tena.

Nane. Tisa. Kumi. Waliotaka kuingia orodha walibonyeza kidole wenyewe, na hakuna aliyekataa. Saa kumi na moja na nusu akapatikana wa kumi na moja. Foleni ikaisha.

"Anahitajika mmoja," alisema Karani. "Dakika ishirini na mbili."

 Mhina alijisimamisha, akajikung'uta kanzu. "Si haba," alisema. "Tumecheka."

Mlango ukafunguliwa kwa fujo. Aliingia mtu anahema, bado na kofia ngumu ya mafundi wa reli, macho mekundu. Alikuwa Mhando, mdogo wake Mhina, aliyekuwa kazini Handeni ambako simu hazishiki, habari ikamfikia kwa mdomo. Alilia kweli huyu, njia nzima. Alimwona kaka yake amesimama, akamrukia, akampiga ngumi ya kifua, akamkumbatia.

"Mshenzi wewe," alisema. "Mshenzi."

"Mpimeni," alisema mtu nyuma.

"Mwacheni apumue," alisema Mhina haraka, sauti si yake. "Huyu ni mdogo. Ana miaka sitini na mbili tu. Huyu ni mzima."

Semeni alimweleza Mhando yote, kama alivyowaeleza wengine, wala hakufupisha. Mhando alisikiliza, kofia mkononi. Kisha akanyoosha kidole mwenyewe.

Sekunde kumi na mbili. Mhina alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Hakuna aliyejua anaomba lipi.

"Imesambaa," alisema Karani. "Anahusika. Wamefika kumi na wawili. Orodha iko wazi."

Huko Penang, Daktari Nordin alikaa polepole. Mhina alishika mkono wa mdogo wake kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Mhando alitazama kidole chake kile chenye tone la damu, akakipangusa kwenye suruali, akabonyeza ukutani.

"Nilikuwa nasikia mgongo," alisema. "Nikadhani ni reli."

Walikaa. Baada ya muda Mhando alivuta pua. "Shemeji amenipigia njiani, nilikuwa nalia sikumwelewa mpaka sasa. Anasema majirani wameshabandika sufuria nne za pilau ya msiba. Anauliza awaambie hukufa, wazime moto?"

"Waache wapike," alisema Mhina. "Wagonjwa kumi na wawili hapa hatujala mchana."